Nilivyoipeleka mahari soko la hisa

Wiki hii, msomaji wangu, sitaongelea ya watu. Nimeshawaongelea sana, mpaka juzi mama watoto kaniambia, "Kila wiki unawaanika wenzio, wewe utajianika lini?" Haya, leo zamu yangu. Kaa vizuri, maana habari hii tulikuwa tunaijua watu wanne tu: mimi, yeye, dalali mmoja wa hisa na mshenga wangu.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilikuwa kijana wa miaka 27, nauza vifaa vya simu Kariakoo, nimepanga chumba kimoja Magomeni, na nina mchumba. Barua ya posa ilishajibiwa. Wazee wa upande wa pili walitaja mahari shilingi 1,500,000, ipelekwe Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Na mimi, sijisifu, hela yote nilikuwa nayo. Niliikusanya mwaka mzima na nusu, noti kwa noti, najinyima mpaka chipsi. Mwezi wa pili ilikuwa imetimia, imetulia zake benki, inasubiri siku.

Sasa si unatujua vijana wa mjini. Hela ikitulia inawasha.

Kijiweni kwetu kulikuwa na mshikaji tukimwita Profesa. Hakuwa profesa wa kitu chochote. Kosa lake lilikuwa kusoma ukurasa wa biashara kabla ya ule wa michezo, basi jina likamganda. Mwaka uliotangulia alinunua vihisa vyake, vikapanda, na tangu hapo tukawa hatunywi kahawa kwa amani. Kila jioni ni somo.

Na somo lenyewe, kusema haki, lilikuwa na ukweli ndani yake. Mwezi wa tisa mwaka 2014 serikali iliondoa kikomo kilichokuwa kinawazuia wageni wasimiliki zaidi ya asilimia 60 ya kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wageni wakaingia na dola zao, bei zikapanda. Profesa alisimulia utadhani kikomo hicho kakiondoa yeye kwa mikono yake.

"Wazungu ndiyo kwanza wanaingia," alisema. "Ukinunua leo, mwezi wa nane unauza mara mbili."

Mwezi wa nane! Jamani, mtu akikutajia mwezi uleule unaouwaza usiku na mchana, unaona kama ni Mungu anasema nawe. Nikapiga hesabu kitandani. Milioni moja na nusu ya mahari, na milioni moja na nusu nyingine ya ukumbi, pilau na suti. Sikujiuliza swali moja dogo sana: kama bei zimeshapanda mwaka mzima, mimi ninayeingia leo ni mgeni wa karamu au ni muosha vyombo?

Nilimgusia mama. Aliposikia neno hisa akaniuliza kama ni ule upatu wa kupanda mbegu. Alikuwa na haki ya kuuliza. DECI ilifungwa mwaka 2009 na wengi mjini hapa makovu yalikuwa hayajapona. Nikamjibu kwa dharau za msomi: "Mama, hii ni ya kisheria, ina mamlaka yake." Na ni kweli ina mamlaka, sheria yake ni ya mwaka 1994, na soko lenyewe lilianza kununua na kuuza Aprili 1998. Mama akaniangalia, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa dalali nilikwenda na picha za pasipoti na kitambulisho, nimechomekea shati utadhani naenda kuomba kazi. Akanijazisha fomu za kufungua akaunti ya hisa. Alikuwa dada mmoja mpole, miwani puani. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: "Kaka, hela hii una matumizi nayo karibuni?"

Nikamwambia hapana, ni akiba tu.

Nilinunua hisa 2,370 za kampuni moja kwa shilingi 620 kila moja. Jina la kampuni naliweka kapuni, kwa sababu haikunikosea kitu. Kwenye hela yangu ikakatwa kamisheni ya dalali na vile viada vya soko na mamlaka, jumla kama asilimia 2 na ushee. Sikujali. Nilitoka pale natembea katikati ya barabara, nawaangalia wenye magari kama wenzangu.

Mwezi wa tatu bei ikafika 655. Basi bwana! Shilingi 35 mara hisa 2,370, nimepata 82,950 bila kutoka jasho. Jioni hiyo nikanunua kuku wa kuchoma na soda kwa kijiwe kizima, nikalipa 34,000 kutoka kwenye mshahara wangu, wenzangu wakaniita Tajiri. Niliporudi nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nikiuza nitakatwa tena asilimia 2 na ushee. Nikapiga hesabu upya. Faida yangu halisi ilikuwa kama 20,000. Nilikuwa nimewalisha watu kuku wa faida ambayo sijaipata, na kuku kaizidi faida.

Ungekuwa wewe ungeuza? Mimi sikuuza. Mtu aliyeahidiwa mara mbili hawezi kuridhika na elfu 20.

Kilichofuata kilitokea nje ya uwezo wa kijiwe. Shilingi yetu ikaanza kuteremka. Mwanzoni mwa mwaka dola ilikuwa 1,700 na ushee, kufika katikati ya mwaka ilishapita 2,000. Sisi wa Magomeni tuliliona hilo kwenye bei ya vitu dukani. Lakini mgeni aliyenunua hisa anahesabu kwa dola: hisa isiposhuka hata senti, yeye shilingi ikishuka ameshapata hasara. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi mkuu. Wale Wazungu wa Profesa, waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia, wengine wakaanza kutafuta mlango. Bei ikawa 610, ikawa 590.

Hapo ndipo nilipougua. Nakwambia nilikuwa nalala na bei, naamka na bei. Nilikuwa nanunua gazeti asubuhi, nafungua ukurasa wa katikati nimesimama palepale kwa muuza magazeti, moyo unadunda kama nasubiri matokeo ya mtihani. Ikipanda shilingi 5, wateja wangu nawapunguzia bei ya chaja. Ikishuka shilingi 10, mteja akiuliza mara mbili namfokea. Bosi wangu alidhani navuta kitu.

Halafu nikajiwekea sharti, na naamini walionunua hisa wengi mnalijua: "Nitauza ikirudi 620." Siyo nipate faida, hapana, irudi tu pale niliponunulia. Nilikuwa naiona ile 620 kama nyumbani, bei imetoka matembezini na lazima itarudi kulala. Msomaji, bei haikujui. Haijui ulinunua kwa ngapi, haijui una mchumba, haijui wazee wa Mbagala wametandika jamvi wanakusubiri. Ile 620 ilikuwa kichwani mwangu peke yake. Kwa kuisubiri nikaiacha 590 ikapita, nikaiacha 560 ikapita, na kila ilipopita nikawa nimezidi kuapa.

Na Profesa je? Kila jioni: "Shikilia, shikilia. Muoga hali pilau."

Mchumba wangu akaanza kuhisi kitu. Jumapili moja tuko Coco Beach, tunakula mihogo, mimi mkono mmoja na muhogo, mkono mwingine natuma ujumbe chini ya meza kumuuliza Profesa kama kasikia lolote. Akanitazama muda mrefu.

"Huyo unayemwandikia ni nani?"

"Ni Profesa."

"Profesa gani wa kuandikiwa Jumapili saa kumi na moja jioni?"

Nikacheka kujizugisha. Ningemwambia ukweli pale pale. Bei siku hiyo ilikuwa 540, hasara ilikuwa bado inasemeka. Lakini mwanaume aliyekwisha kuitwa Tajiri ataanzia wapi? Nikamwambia ni mambo ya kazi. Hakuuliza tena, na wanaomjua mwanamke asiyeuliza tena wananielewa.

Mwezi wa saba mwishoni, bei 510, nikasema potelea mbali, nauza. Nikaenda kwa yule dada mwenye miwani. Akaweka oda yangu sokoni. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Kumbe lile soko letu siyo Kariakoo, kwamba ukishusha bei kidogo wateja wanakuvamia. Kampuni zenyewe ni chache, na kuna siku hisa za kampuni nzima hazinunuliwi hata moja. Ile bei ya gazetini ni bei ya mwisho ambayo watu wawili walikubaliana. Haina maana yupo mtu anayekusubiri na hela mkononi. Hilo Profesa hakulifundisha. Mimi nimenunua na kuuza vitu Kariakoo maisha yangu yote, nikashindwa kujiuliza nani atanunua changu.

Nikashusha 500. Zikaondoka hisa 300, basi. Zilizobaki nikashusha tena, na tena. Kufika wiki ya pili ya mwezi wa nane zote zimeondoka, nyingi kati ya hizo kwa 470 na pungufu. Nilipokatwa vya kukatwa, mkononi nikabaki na shilingi 1,090,000 kasoro kidogo. Zaidi ya laki nne zimeyeyuka, na siku 15 hazikubaki kufika Jumamosi ya mahari.

Nikampelekea mshenga habari Temeke. Mzee wa watu, kanzu yake keshaipiga pasi wiki mbili kabla. Nilimweleza kila kitu, hisa, wageni, dola, mpaka kikomo cha asilimia 60. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hela ya mwanamke umeinunulia karatasi?" Nikasema siyo karatasi, mzee, siku hizi ni kwenye kompyuta. Akashika kichwa.

Lakini mshenga ni mshenga. Jumamosi ile alikwenda na milioni moja kamili, akasema maneno ambayo mpaka leo hajaniambia ni yapi, wazee wakaipokea na nusu iliyobaki ikawa deni. Nililimaliza deni lile baada ya miezi tisa.

Mchumba wangu nilimweleza mwenyewe, siku moja kabla, tumesimama kituo cha daladala. Hakulia, hakunitukana. Alisema, "Ungeniambia unaipeleka sokoni, ningekukatalia. Ungeniambia imepungua, ningekuvumilia. Wewe umeniacha miezi mitano nalionea wivu gazeti." Akapanda daladala, nikabaki kituoni. Kesho yake kwao kukapokelewa milioni, kwa hiyo nikajua kanisamehe. Lakini ilichukua muda, na hilo ni la kwetu wawili.

Kuhusu Profesa, nilikuja kujua baadaye kwamba hisa zake aliuza mwezi wa tatu, pale pale kwenye 655, wakati anatuambia tushikilie. Nilimfuata nikiwa nimevimba. Akanijibu bila aibu: "Mimi nilikuwa na ada ya mtoto mwezi wa nne." Nikakosa la kusema. Hakuwa tapeli. Alikuwa anajua hela yake anaitaka lini. Mimi nilikuwa najua pia, ila nilimdanganya dalali, na kabla ya dalali nilijidanganya mwenyewe.

Tangu hapo nikaanza kusoma kimya kimya, bila kijiwe. Na nilichokikuta kilinikera zaidi, kwa sababu kampuni niliyoiuza kwa 470 ilitoa gawio mwaka uliofuata na uliofuata, na baada ya miaka kadhaa bei ikapita ile 620 yangu ya kiapo. Ilirudi nyumbani kweli, mimi nimeshahama.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja, namwita shangazi ingawa hatuna undugu. Mwaka 2008 benki ya NMB ilipouza hisa zake kwa wananchi kwa shilingi 600, alinunua 500, shilingi laki tatu, hela ya vitenge vyake. Hakuwa na Profesa. Aliweka kile cheti kwenye sanduku la nguo na kukisahau, anakumbushwa tu na gawio likiingia. Kwa faida ya mwaka 2023, NMB ilitoa gawio la shilingi 361 kwa hisa. Piga hesabu mwenyewe: hisa 500, kasoro kodi ya asilimia 5, ni zaidi ya laki na elfu 70 kwa mwaka mmoja, kwa mtu aliyenunua kwa laki tatu. Nilipomuuliza siri yake akasema, "Baba, ile hela nilikuwa sina haja nayo." Nusura nimwombe anizabe kofi.

Ila usikimbie sasa hivi ukanunue sanduku la nguo. CRDB iliuza hisa mwaka 2009 kwa shilingi 150. Zilipanda, zikapita hata 400, halafu mwaka 2019 zilikuwa chini ya zile 150 za mwanzo. Miaka kumi! Aliyechoka akauza hapo, mwaka 2024 alizitazama zikipita 600. Waliopanga foleni mwaka 2017 kununua za Vodacom kwa 850, baada ya miaka michache walikuwa wanaziona chini ya bei hiyo. Majirani zetu wa Kenya nao wana yao. Baada ya KenGen kuuza hisa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006 na bei kuruka zaidi ya mara mbili mara tu ilipoingia sokoni, mwaka 2008 ikaja Safaricom kwa shilingi 5. Watu walikopa benki ili wanunue, na walioomba walikuwa wengi kuliko hisa, wakapewa kipande tu cha walichoomba huku riba ya mkopo inatembea. Kabla mwaka haujaisha vizuri bei ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 ikapita 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni ni ileile, simu ni zilezile, na katika kila bei hizo kulikuwa na mtu aliyeapa kwamba anajua inakwenda wapi.

Siku hizi vijana wananiuliza, "Bro, mwaka huu soko likoje?" Kununua kumekuwa rahisi, kuna Hisa Kiganjani, unabonyeza ukiwa kwenye mwendokasi. Wanataka nitabiri. Mimi nawaambia anayekutajia bei ya mwezi ujao ni mpiga ramli, tofauti yake hana kibuyu. Naweza kukwambia kampuni ilipata faida kiasi gani mwaka jana, inatoa gawio au inameza, na kwa siku zinauzwa hisa zake ngapi, maana hayo yameandikwa. Wengi nikifika hapo wanaangalia saa. Walitaka kuambiwa "nunua", wanunue, na ikishuka wawe na mtu wa kumlaumu. Nilikuwa hivyohivyo, ndiyo maana siwakasirikii.

Nami nimerudi sokoni, usinicheke. Nanunua kidogo kidogo, na risiti anatunza mama watoto. Bei naangalia Jumamosi, yeye akiwepo. Mara nyingine ananiuliza kwa kejeli, "Profesa hajambo?"

Mwezi uliopita alikuja yule mshenga wetu, sasa mzee kabisa, anatembelea fimbo. Tukampa chai. Alipomaliza akatoa bahasha kwenye kanzu, akaisukuma mezani. Kasikia redioni watu wanapata magawio, kauza kipande cha kiwanja, anataka nimnunulie na yeye "hizo za kwenye kompyuta".

Nikamuuliza, "Mzee, hela hii una matumizi nayo karibuni?"

"Hapana," akasema, "ni akiba tu." Akanywa funda la mwisho la chai. "Mpaka mwezi wa nane hivi, tukimwoza mjukuu."

Mama watoto alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikaichukua bahasha, nikairudisha kwenye mfuko wa kanzu, nikamsindikiza mzee kituoni.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.